Kutoka Luleå hadi Narvik: Siku Saba Kwenye Njia ya Chuma ya Kaskazini

Siku ya kwanza: Jumatatu, 10 Februari 2025, Luleå

Leo asubuhi nimetembea juu ya bahari. Ghuba ya Bothnia ina maji yenye chumvi kidogo sana, kwa sababu ya mito mingi inayomwaga humo, na kwa hiyo sehemu yake hii ya kaskazini huganda kila mwaka. Mji wa Luleå, kaskazini mwa Uswidi, husafisha njia juu ya barafu hiyo, na wenyeji hupita humo kwa miguu, kwa viatu vya kuteleza na kwa vigari vya kusukuma vyenye watoto ndani. Nilisimama katikati ya njia, nikaangalia upande wa bandari ya madini na kiwanda cha chuma, nikatafakari kwamba barafu niliyoikanyaga ndiyo iliyowalazimisha Waswidi kutafuta bandari nyingine katika nchi jirani. Siku hizi meli za kuvunja barafu huiacha Luleå wazi, lakini zaidi ya miaka mia moja iliyopita bandari hii ilifungwa kwa miezi mingi, na madini yakalala ufukweni yakisubiri jua.

Nimeamua kuifuata reli ya madini, ambayo hapa huitwa Malmbanan, kutoka Luleå hadi Narvik upande wa Norwei, umbali wa kilomita zipatazo 470. Sababu yangu ni ya nyumbani. Nilizaliwa Ludewa, mkoani Njombe, na nimekua nikisikia habari za Liganga: kwamba vilima vile vina chuma, kwamba mgodi utafunguliwa, kwamba reli itajengwa. Babu yangu, Mpangwa wa ukoo wa wahunzi, alikuwa na jiwe jeusi la kutoka huko ambalo lilivuta sindano ya kushonea, na tulipokuwa watoto alitupatia tulibebe ili tushangae uzito wake. Nimesoma jiolojia Dar es Salaam, sasa niko mwaka wa pili wa masomo huku Uswidi, na swali ninalolibeba tangu siku zile ni hili: mlima wenye chuma hugeukaje ukawa mgodi?

Mchana nilipita karibu na mtambo wa majaribio wa mradi wa HYBRIT, uliozinduliwa mwezi Agosti 2020 na kampuni tatu: LKAB inayochimba, SSAB inayotengeneza chuma, na Vattenfall inayozalisha umeme. Tangu wahunzi wa kale hadi viwanda vya leo, oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya jiwe imekuwa ikiondolewa kwa kaboni, ya makaa ya miti kwanza na ya mawe baadaye, na hewa ya ukaa ikatoka. Hapa oksijeni hiyo huondolewa kwa hidrojeni iliyopatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme, na kinachotoka ni mvuke wa maji. Ningependa babu angeiona.

Siku ya pili: Jumanne, 11 Februari, Gällivare na Malmberget

Treni ya asubuhi ilipita Boden na kuingia msituni, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu cha kutazama ila misonobari iliyobeba theluji na, mara mbili, treni ya madini iliyotupisha upande wa pili. Tulivuka mstari wa Duara ya Aktiki mahali panapoitwa kwa jina hilohilo, Polcirkeln, bila treni hata kupunguza mwendo.

Kabla ya reli, madini ya Gällivare yalisafirishwa kwa sleji zilizovutwa na kulungu wa kaskazini, wanyama ambao Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, huwafuga kwa makundi. Kulungu mmoja huvuta mzigo mdogo, nao husafiri wakati wa theluji tu, na hesabu ya biashara ikawa haikubali hata mara moja, ingawa kila mtu alijua kwamba mlima una chuma kingi. Kampuni ya Kiingereza ilijenga reli kutoka Luleå, na mwaka 1888 treni ya kwanza ya madini ikashuka kutoka Malmberget. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilifilisika, na mwaka 1891 serikali ya Uswidi ikainunua reli. Nimeliandika jambo hili kwa mkazo kwenye daftari langu: waliotangulia kujenga hawakuvuna, na nchi ililazimika kuichukua kazi hiyo mabegani mwake.

Malmberget maana yake ni mlima wa madini. Madini hapa hayakukaa pamoja kama Kiruna. Yako katika miili ipatayo ishirini iliyotawanyika chini ya makazi, na ardhi ilipoanza kuporomoka juu ya machimbo, shimo kubwa liliugawa mji pande mbili. Sasa wakazi wanahamishiwa Gällivare, kilomita chache kutoka hapo. Nilitembea kwenye mtaa ambao nguzo za taa bado zimesimama na nyumba hazipo. Misingi imefunikwa na theluji, na vichaka vya bustani vinaonyesha mahali palipokuwa na ua wa mtu. Sikukaa sana.

Siku ya tatu: Jumatano, 12 Februari, Kiruna

Mlima wa Kiirunavaara unaonekana kabla ya mji. Kilele kimekatwa, na ubavu umechongwa ngazi ngazi kutokana na uchimbaji wa wazi wa miongo ya kwanza. Ng'ambo ya pili uko mdogo wake, Luossavaara, na herufi za kwanza za jina la kampuni ya LKAB, iliyoanzishwa mwaka 1890, zimetokana na majina ya milima hii miwili. Jina la mji lina asili yake katika neno la Kisami Giron, yaani kwale mweupe wa theluji. Tuko zaidi ya kilomita mia moja kaskazini mwa Duara ya Aktiki. Wiki kadhaa zilizopita, kati ya Desemba na siku za mwanzo za Januari, jua halikuchomoza hapa kabisa. Leo limechomoza, limepita chini chini juu ya upeo, na kipimajoto kilisoma nyuzi 24 chini ya sifuri.

Jiwe lenyewe lina umri wa takriban miaka bilioni 1.9. Mwili wa madini una urefu wa kilomita 4 hivi na unene wa mita 80 hadi 120, umeinama kuelekea mashariki kwa nyuzi zipatazo 60, na unazama angalau kilomita 2 kwenda chini. Anayeshika kitabu kikubwa kwenye rafu na kukiinamisha ataelewa umbo lake: ukurasa mmoja mzito wa magnetiti, madini ya chuma yenye sumaku, katikati ya kurasa za mawe ya volkano. Chuma ni zaidi ya asilimia 60 ya madini hayo. Kuhusu namna yalivyozaliwa, wanajiolojia wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja: wapo wanaosema kwamba ni uji wa moto wenye chuma uliojitenga na uji mwingine ukaganda peke yake, na wapo wanaosema kwamba ni maji ya moto yenye chumvi yaliyobeba chuma na kukiacha hapo. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na nikitazama mawe yaliyowekwa kwenye jumba la maonyesho naona kwamba kila upande una ushahidi wa macho. Mimi naegemea upande wa uji wa moto, hasa kwa kina, na naamini kwamba maji ya moto yalikuja baadaye kurekebisha kilichokwishawekwa.

Jibu la kwanza la swali langu nililipata hapa, nalo limenishangaza kwa sababu halihusu utajiri wa mlima hata kidogo. Maandishi ya mwaka 1696 tayari yanaitaja milima hii miwili kuwa na chuma. Dira za wachimbaji, ambazo sindano yake huinama karibu na magnetiti, zilitosha kumwambia yeyote kilichomo. Hata hivyo, uchimbaji mkubwa ulianza karibu miaka mia mbili baadaye. Umbali na baridi vilichangia, lakini palikuwa na kizuizi ndani ya jiwe lenyewe: magnetiti ya Kiruna imechanganyika na apatiti, na apatiti ina fosforasi, na chuma chenye fosforasi nyingi hukatika kama kigae wakati wa baridi. Mwaka 1878 Waingereza wawili waliokuwa binamu, Sidney Gilchrist Thomas na Percy Gilchrist, walionyesha kwamba tanuri likitandikwa ndani kwa mawe ya jamii ya chokaa, fosforasi hushikwa na chokaa na kutoka pamoja na takataka, na takataka hizo zikisagwa huwa mbolea nzuri. Ghafla mlima ambao ulikuwa mzigo ukawa mali. Jiwe halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maarifa ya tanuri lililokuwa mbali sana na hapa.

Nimefikiria Liganga usiku huu wote. Magnetiti yetu ina metali za titani na vanadi ndani yake, na titani huyafanya mabaki yaliyoyeyuka tanurini yawe mazito, yasitiririke vizuri. Vijana wenzangu wengi nyumbani huamini kwamba tumecheleweshwa na mikataba pekee. Mikataba ni jambo kubwa, lakini sehemu ya kufuli ya Liganga iko kwenye kemia, na ufunguo wake unatakiwa utafutwe maabara na kwenye matanuri, na watu wetu wenyewe wawe miongoni mwa wanaoutafuta.

Siku ya nne: Alhamisi, 13 Februari, chini ya Kiirunavaara

Niliamshwa usiku, mnamo saa saba na nusu. Kitanda kilitikisika mara moja, glasi mezani ikagusana na sahani, kisha kimya. Nimefikia kwa mama mmoja wa Bukavu ambaye ameishi Kiruna miaka kumi na anatunza wazee, asubuhi nilipomwuliza alicheka na kusema kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Usiogope, mwanangu, ni watu wa mugodi wanapasua mawe. Siku wasipopasua ndiyo siwezi kulala." Mgodi hulipua baruti usiku, wakati watu wameondolewa chini, na mitaa ya karibu imelizoea tetemeko hilo dogo kama watu wa pwani walivyozoea mawimbi.

Basi la wageni liliingia ndani ya mlima kwa barabara ya lami, likashuka kwa dakika chache hadi kina cha mita 540, ambako kumbi za zamani za uchimbaji zimefanywa mahali pa kuonyesha kazi. Kina hapa huhesabiwa kutoka kilele cha kale cha mlima, ambacho hakipo tena. Barabara za chini kwa chini zina urefu wa mamia ya kilomita. Ngazi kuu ya usafirishaji ya sasa iko mita 1,365, na ilizinduliwa mwaka 2013. Huko treni zisizo na dereva hupokea mawe kutoka juu, huyapeleka kwenye mashine za kuponda, na lifti kubwa huyapandisha hadi nje.

Mwenyeji wetu, mchimbaji mstaafu mwenye mikono mipana, alichora ukutani kwa mwanga wa tochi namna kazi inavyofanyika. Njia za uchimbaji hukatwa kuvuka mwili wa madini, moja juu ya nyingine, zikiachana mita zisizofika thelathini. Ndani ya kila njia hutobolewa matundu marefu yanayoelekea juu, yamepangwa kama vidole vilivyotanuliwa, yakajazwa baruti. Mlipuko huangusha kipande cha madini, mashine za kuzoa huyabeba hadi kwenye shimo la kutupia, kisha hulipuliwa kipande kinachofuata. Mwamba wa upande wa juu, ambao sasa hauna kitu cha kuuegemeza, huachwa uporomoke na kujaza nafasi. Njia hii ni ya gharama nafuu, na haihitaji kuacha nguzo za madini chini. Nilimwuliza: kwa kuwa mwili umeinama kuelekea mashariki, na mji uko mashariki, je, kila ngazi mpya haisogezi mporomoko karibu zaidi na nyumba za watu? Alitazama mchoro wake kwa muda. "Ndiyo," alisema, "na hilo lilijulikana tangu zamani."

Alitueleza pia kuhusu usiku wa 18 Mei 2020, ambapo mgodi ulitikiswa na tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kusababishwa na uchimbaji nchini Uswidi. Hakuna aliyekufa, lakini baadhi ya njia za chini ziliharibika, na ukarabati wake umekuwa wa miaka. Alilisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa ndugu yake.

Nje ya mlima tulionyeshwa vidonge vya chuma, vidogo kama punje za mbaazi, vyenye rangi ya kijivu iliyoelekea zambarau. Madini husagwa hadi kuwa unga, sumaku huyatenga na mawe mengine, unga huvingirishwa na kuokwa. Magnetiti ikipata oksijeni wakati wa kuokwa hugeuka hematiti, aina nyingine ya madini ya chuma, na kutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo mafuta yanayohitajika ni machache kuliko kwa madini mengine. Nilipewa vidonge vitatu, nimevifunga kwenye leso.

Siku ya tano: Ijumaa, 14 Februari, mji unaohama

Uamuzi wa kuuhamisha mji wa Kiruna ulitangazwa mwaka 2004, na kituo kipya cha mji, kilomita 3 mashariki, kilifunguliwa rasmi Septemba 2022. Watu wapatao 6,000 wanahusika. Jengo jipya la halmashauri ni la duara, na kando yake umesimamishwa mnara wa saa uliotolewa kwenye jengo la zamani lililobomolewa. Katika mji wa zamani nilikuta kanisa la mbao nyekundu lililojengwa kati ya 1909 na 1912, likiwa bado mahali pake. Lilikuwa limepangwa kuinuliwa zima zima mwezi Agosti 2025, lenye uzito wa zaidi ya tani 600, na kusafirishwa kilomita 5 barabarani, na barabara ilikuwa ikipanuliwa kwa ajili hiyo. Niliingia nikakaa. Mzee mmoja aliyekuwa akifuta viti aliniambia kwamba alibatizwa hapo, na kwamba anafurahi kuona kanisa linahama naye.

Mwenye nyumba anayehamishwa hupewa nyumba nyingine, au hulipwa thamani ya soko na nyongeza ya asilimia 25. Kiwango hicho nimekiandika kwa wino mwekundu, maana kwetu neno fidia limewatoa machozi watu wengi. Mama wa Bukavu, hata hivyo, hana nyumba yake. Alikuwa mpangaji katika jengo la zamani, na kodi ya jengo jipya imepanda. Fidia ya mwenye mali ina sheria yake, ya mpangaji ni ndogo kuliko maumivu yake, na jambo hilo sikuliona kwenye kipeperushi chochote.

Alasiri nilisikiliza upande wa Wasami. Tarehe 12 Januari 2023 LKAB ilitangaza kwamba hazina ya Per Geijer, kaskazini mwa mgodi wa sasa, ina zaidi ya tani milioni 1 za oksaidi za madini adimu, yale yanayotumika kwenye sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Yamo ndani ya apatiti ileile iliyokuwa balaa la karne ya kumi na tisa. Ulaya ilishangilia. Lakini hazina hiyo iko kwenye ardhi ya Gabna, jumuiya ya wafugaji wa Kisami, na kulungu wao hupita katika ukanda mwembamba uliobaki kati ya mji na mgodi wanapokwenda milimani kiangazi na kurudi misituni majira ya baridi. Ukanda huo ukizibwa, ardhi yao inakatwa vipande viwili. Mfugaji aliyezungumza nasi alisema kwamba mji unaweza kuhamishwa, lakini kulungu hafundishwi njia nyingine kwa barua. Mimi ninayetamani mgodi ufunguliwe kwetu sina haki ya kulipita jambo hili haraka. Nilimsikiliza hadi mwisho, na sikuwa na jibu la kumpa.

Siku ya sita: Jumamosi, 15 Februari, njiani kuelekea Norwei

Treni ilichelewa saa mbili. Njia ni moja tu, na tunaigawana na treni za madini: mabehewa 68, kila moja likibeba tani 100, yote yakivutwa na vichwa viwili vya treni vilivyounganishwa. Desemba 2023 treni ya namna hiyo iliacha reli karibu na Vassijaure na kuharibu kilomita nyingi za njia; reli ikafungwa kwa takriban miezi miwili, na ilipofunguliwa tu, Februari 2024, treni nyingine ikaacha reli. Nchi za Umoja wa Ulaya hupata hapa asilimia zipatazo 80 ya madini ya chuma yanayochimbwa ndani ya umoja huo, na yote hayo hutegemea pau mbili za chuma juu ya theluji.

Ziwa Torneträsk lilitufuata upande wa kulia kwa zaidi ya saa moja, limeganda lote. Reli hii ilifika Narvik mwaka 1902, ikijengwa kwa mikono, na karibu na Tornehamn yako makaburi ya wajenzi waliokufa kwa maradhi na ajali, misalaba myeupe ambayo leo ilizama nusu kwenye theluji.

Siku ya saba: Jumapili, 16 Februari, Narvik

Bahari hapa haigandi. Ofotfjord, ghuba ya Narvik, iko kaskazini zaidi kuliko Luleå, lakini mkondo wa joto wa Atlantiki huingia hadi ndani, na meli hupakia mwaka mzima. Kwa ajili ya bandari hii watu waliuana: Wajerumani, waliohitaji chuma cha Uswidi, waliuteka mji tarehe 9 Aprili 1940, mapigano ya majini yakafuata tarehe 10 na 13, na majeshi ya washirika yaliukomboa tarehe 28 Mei kisha yakaondoka mwanzoni mwa Juni. Kwenye makaburi ya mji nilisoma majina ya vijana wa mataifa matano.

Jioni nilipanda juu ya mji kuangalia reli. Treni iliyojaa ilikuwa ikiteremka kutoka mpakani, ambako njia iko takriban mita 500 juu ya bahari. Inaposhuka, mota za vichwa vyake hugeuka majenereta: uzito wa madini huzalisha umeme unaorudishwa kwenye waya wa juu, na umeme huo hutosha kuipandisha treni tupu hadi mpakani tena. Wahandisi waliutambua mteremko kuwa ni mali. Ludewa nayo iko juu milimani, na bahari iko chini, na ramani ya reli yetu ambayo haijajengwa ninaijua kwa moyo, kila kona yake.

Treni iliyojaa ilipita ikaingia bandarini. Baada ya dakika ishirini ile tupu ikaanza kupanda, nyepesi, mabehewa yakigongana, na taa yake ya nyuma ikaendelea kuonekana kwenye ubavu wa mlima muda mrefu baada ya mlio wake kupotea.